Mwanangu akiona simu, anachuchumaa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani hapa Tanga. Asubuhi nakaanga vitumbua barazani, na mume wangu ni fundi baiskeli karibu na soko la Mgandini. Nakuandikia usiku, watoto wamelala, maana mchana nyumba yetu haina siri.

Mwanangu wa kati ana miaka 6. Tangu mchanga, akilia sana midomo yake ilikuwa inageuka rangi kama ya mtu aliyekula zambarau. Wengine walisema baridi, wengine wakasema jini, mavyaa akaleta hirizi nikamfunga. Alipoanza kutembea nikaona jambo jingine. Akicheza kidogo tu na wenzake, anachuchumaa, magoti kifuani, anahema, halafu anainuka na kuendelea. Wenzake wakamtungia jina, sitaliandika hapa. Alipofika miaka 4 alishikwa na homa, tukampeleka hospitali ya Bombo. Daktari akaweka kile chombo kifuani, akakaa nacho muda mrefu kuliko kawaida, kisha akatuandikia barua ya kwenda Dar. Huko akapimwa eko, kile kipimo cha kuutazama moyo, tukaambiwa moyo wake una kasoro nne kwa pamoja na dawa yake ni upasuaji. Nikapewa karatasi. Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaiweka chini ya godoro. Mungu anisamehe, imekaa humo karibu miaka miwili. Hatukuwa na kitu, na pale kwenye benchi mama mwenzangu alikuwa kanitajia mamilioni ambayo hata kuyahesabu siwezi.

Mwaka huu hali ilizidi. Shule akienda anabebwa. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyesema tusikae tu. Akafungua kundi la WhatsApp, akaweka picha ya mtoto na namba yake ya kupokelea pesa. Akasema zinatakiwa milioni 18, mtoto apelekwe India, kuna mtu anamjua anayesafirisha wagonjwa. Sasa kundi lina watu 214, wengine wako Oman na Uingereza, na zimepatikana milioni 6 na laki 8. Namshukuru. Sitaki uone namsema vibaya, ana daftari na anaandika kila shilingi.

Wiki tatu zilizopita michango ilipwaya. Shemeji alikuwa ameweka picha ya sikukuu, mtoto kavaa kanzu anacheka, basi mtu mmoja akaandika, "Mbona mwenyewe anaonekana mzima?" Kesho yake nilikwenda Makorora kununua mchele. Niliporudi nikamkuta shemeji uchochoroni kashika simu, na mwanangu anakimbia, anakwenda mpaka kwenye mti wa mkungu na kurudi. "Moja tena, ami atakununulia baiskeli. Moja tena." Mpaka akachuchumaa. Midomo buluu, kucha buluu, macho yamemtoka, na yule anarekodi. Sikusema neno. Nilimbeba nikaingia ndani. Usiku ule ziliingia laki 9.

Laki 9, Shangazi. Hatujawahi kupata hivyo kwa siku moja.

Tangu hapo mgeni akiingia, au mtu akitoa simu hata kwa kutazama saa, mwanangu anachuchumaa. Anachuchumaa huku anamtazama mtu usoni. Juzi mteja alitoa simu anilipe vitumbua vya elfu moja, nikageuka, mtoto keshachuchumaa pembeni ya jiko. Mpaka sasa sijui kama alikuwa amebanwa kweli.

Mume wangu hajui habari ya kukimbizwa. Tangu mwanzo hakutaka michango, anasema tumemtembeza mtoto kama bakuli. Yeye anataka kuuza shamba la michungwa la Muheza waliloachiwa na baba yao, ila urithi haujagawanywa na shemeji hataki kusikia. Mavyaa naye anasema mimi na mume wangu tuna haya ya bure, mficha uchi hazai. Nikisema video ziondolewe, pesa zitakatika, na mwanangu akifa nitajiambia nini? Nikinyamaza, namwona anavyogeuka mbele ya macho yangu. Shemeji anataka kurekodi nyingine Ijumaa ijayo. Nishike lipi?

Mama Vitumbua, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma mpaka kwenye mkungu nikaiweka chini, nikaenda kuteka maji ambayo sikuyahitaji. Ndipo nikarudi kumalizia.

Kabla hatujashauriana kuna moja halingoji, na hili peke yake nalisema kwa sauti ya amri: asikimbizwe tena, na yeyote. Hapa heshima tuiweke pembeni kwanza, maana ni suala la uhai. Hizo kasoro nne madaktari huziita tetralojia ya Fallot, kwa jina la daktari Mfaransa aliyezieleza mwaka 1888. Ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini vya moyo una tundu, na njia ya kupeleka damu mapafuni imebana. Basi damu ambayo haijapata hewa inakata mkato na kurudi mwilini vilevile ilivyo, na ndiyo hiyo rangi ya zambarau uliyoiona. Akichuchumaa, mishipa ya miguuni inabanwa, damu inapata upinzani huko chini, na nyingi zaidi inasukumwa kwenda mapafuni. Hakuna aliyemfundisha. Mwili wake uliigundua dawa hiyo mwenyewe kabla hata hajajua kusema. Sasa mtoto wa namna hii akisukumwa mpaka abanwe, anaweza kupata bano kali ambalo kuchuchumaa hakutalifungua. Likimpata, mlaze, mkunje magoti yafike kifuani, ongea naye kwa upole asilie, na muwahishe hospitali. Akiharisha au kutapika pia usingoje kesho: damu ya watoto hawa ni nzito, na mwili ukikaukiwa maji inaweza kuganda. Na mswaki asubuhi na jioni, maana vijidudu vya kinywani huweza kuhamia moyoni, na madaktari watataka kuyaona meno yake kabla ya kumpasua.

Shemeji yako huenda hayajui haya. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno ya moyo na damu, kabla ya maneno ya lawama. Mtu akiambiwa "umemdhalilisha mwanangu" atajitetea. Akiambiwa "siku ile angeweza kutufia pale chini ya mkungu", atakaa kitako.

Sasa nikurudishie swali lako nilivyolielewa. Unaniambia umewekewa mizani: upande mmoja pesa za kumponya mtoto, upande wa pili utu wake, na ukipandisha huku kule kunashuka. Nakuelewa. Ila niliporudia barua niliihesabu ile milioni 18, nikajiuliza imetoka kinywani mwa nani. Mama wa kwenye benchi alitaja mamilioni yake. Shemeji akataja yake, naye kayapata kwa mtu anayemjua. Katika barua yote hakuna daktari wala mhasibu wa hospitali aliyekutajia bei. Mnachangisha kwa mwaka wa kwanza, watu 214 wanatuma, na mtoto keshakimbizwa, kwa ajili ya bei ambayo hamjaiuliza.

India ina sababu yake kwenye vichwa vyetu. Miaka ile mtoto wa moyo ukisikia kapona, basi kasafirishwa. Lakini upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete palepale, inayopasua watoto, na mara kwa mara madaktari wa kutoka nje huja kufanya kambi pamoja na wa kwetu. Wapo watoto ambao bado hupelekwa nje, sikatai. Huo ni uamuzi wa jopo la madaktari waliosoma vipimo vya mtoto huyo. Mtu anayejuana na mtu si jopo. Naomba msimpe hata shilingi ya "kufungua faili" kabla hamjasikia Dar wanasema nini.

Kwa hiyo ningeanza na godoro. Ile karatasi itoe leo. Haitatosha, kipimo cha miaka miwili kimezeeka na mtoto amekua, ila ina namba yake ya faili, na anayerudi na faili haanzi sifuri. Pitia Bombo upate rufaa mpya kama ya zamani haikubaliki. Mkifika, ombeni makadirio ya gharama kwa maandishi, na mkiwa hapohapo ulizeni aliko afisa ustawi wa jamii. Watu wengi hupita mlangoni kwake wakidhani ni wa watoto waliotupwa. Kumbe huyo ndiye anayesikiliza familia isiyo na uwezo na kupima kipi kisamehewe na kipi mchangie. Atataka kujua mnaishije, na barua ya serikali ya mtaa itawasaidia, ichukueni kabla ya kupanda basi pale Kange. Suala la bima pia liulizeni hapo, mradi msikate kadi leo mkitegemea ilipe upasuaji wa mwezi ujao, kwa kuwa bima nyingi zina muda wa kusubiri.

Sera yetu ya afya husamehe gharama za matibabu kwa watoto walio chini ya miaka 5, na wako alikuwa na minne ile karatasi ilipoingia chini ya godoro. Nimefikiri sana kama nikuambie. Nimekuambia kwa sababu utaambiwa huko, na afadhali uisikie kwangu kwanza, ukiwa umekaa nyumbani kwako. Ulikuwa mama mwenye hofu aliyetajiwa mamilioni na mgeni. Karibu mtoto mmoja katika kila mia huzaliwa na moyo wenye kasoro ya namna fulani, na mama zao si wazembe, wala hawakulogwa. Waliofikiwa na jini ni wachache kuliko waliofikiwa na bei ya kwenye benchi.

Njia hii nayo ina miba. Mtazungushwa dirisha hili na lile. Mnaweza kuambiwa mchangie kiasi ambacho bado kinauma, au msubiri zamu, na kusubiri huko mkiwa Dar ni pesa: pa kulala, chakula, nauli ya kliniki baada ya upasuaji, na wiki zote hizo jiko lako la vitumbua limezimwa. Ndiyo maana sikuambii michango haina kazi. Hata kama upasuaji wenyewe ungesamehewa wote, milioni 6 na laki 8 zina pa kwenda.

Nimtaje mavyaa wako, maana amesema methali nzito. Mficha uchi hazai, kweli kabisa. Lakini mwanangu, mwenye uchungu humfunulia nani? Humfunulia mkunga. Mkunga ni mmoja, mlango umefungwa, na kanga imetandazwa mlangoni. Methali haikusema azalie sokoni. Tena huyo anayejifunua ni mtu mzima na mwili ni wake. Mwanao wa miaka 6 hakuulizwa. Atafika miaka 16, inshallah, na ile video itakuwa bado inazunguka kwenye simu za Ngamiani na Muscat, na wenye kumtungia majina hawaishi. Mwambie mavyaa kwa adabu zote kwamba unaikubali methali yake, ndiyo maana unataka kwenda kwa mkunga.

Michango yenyewe inaweza kuendelea kwa sura nyingine. Mimi pia nimo kwenye makundi ya namna hiyo. Nimewahi kutuma elfu tano nikiwa nachambua mchicha, na nikiri, ni sura ya mtoto iliyonivuta, wala sikuuliza kapona au vipi. Wanaotuma hawana ubaya. Wanatafuta uhakika tu, na yule aliyeandika "mbona anaonekana mzima" alikuwa anauliza kwa ukali swali ambalo wengi wanalo moyoni. Swali hilo linajibika kwa barua ya rufaa iliyofunikwa jina, makadirio ya hospitali, risiti ya nauli, na sauti yako mwenyewe ya dakika moja ukieleza mlichoambiwa. Je, zitaingia laki 9 kwa usiku mmoja? Sidhani. Karatasi haihemi. Huenda zikaingia elfu thelathini, na hilo ni pungufu la kweli ambalo wewe na mumeo itabidi mkae mlipime, mkiwa na bei halisi mkononi. Mkiwa na milioni 18 ya kusikia, kila siku itaonekana ni ya kukimbiza mtoto. Mkijua kwamba zimebaki kiasi fulani, mnaweza hata kugundua mlikwisha kufika.

Lipo jingine ambalo kundi lile linaweza kutoa bila mtoto kuonekana kabisa. Upasuaji wa moyo unataka damu, na ndugu huombwa kuchangia. Katika watu 214 hawakosekani walioko Dar. Mwanamume mzima wa afya huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Wapo wanaoona haya kutuma elfu mbili ambao mkono wangeunyoosha mara moja.

Kuhusu namba ya kupokelea, daftari la shemeji nimelisikia na simtilii shaka. Hata hivyo laini ya mtu mmoja ni kitu chepesi: simu huibiwa, mwenye simu huugua. Akaunti ya benki yenye sahihi tatu, yake, yako, na ya imamu au mwenyekiti wa mtaa, inamlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa siku pesa zikisemwa atakayesemwa ni yeye. Hapo hapo andikeni zikibaki zitafanya nini, na Mungu apishe mbali, mambo yakienda vingine zitafanya nini. Swali hilo ukiliweka leo ni karatasi. Ukingoja, litakuja siku ambayo huna nguvu za kulijibu.

Shamba la Muheza ndilo lililonifanya nikune kichwa. Mumeo anaona aibu kuomba na yuko tayari kuuza. Shemeji haoni aibu kuomba na hayuko tayari kuuza. Pengine, bila kusema, kila mmoja anaokoa kitu chake, na mtoto yuko katikati. Mnunuzi akijua mna mgonjwa atawapa bei ya mgonjwa, na shamba la urithi lisilogawanywa likiuzwa kwa kelele litaacha kesi itakayoishi kuliko michungwa yenyewe. Kwa upande mwingine, kuna kukodisha msimu, kuna kuuza matunda yakiwa mtini, kuna kugawana kwanza kila mtu ajue lake. Hayo ni ya ndugu wawili na mama yao. Wewe usiyabebe. Ila wote wawili wanaweza kupanda basi moja na wewe kwenda Dar, wamsikie daktari kwa masikio yao. Ugomvi mwingi wa nyumba hii naona unakula kwenye bei isiyojulikana.

Na mumeo mwambie habari ya mkungu. Najua unachoogopa, kwamba atakwenda kumvaa mdogo wake. Chagua saa, labda baada ya isha, labda mzee mmoja awepo. Lakini siri hii ukiendelea kuishika, ikivuja kwa mtoto mwenyewe, na watoto huvujisha, mumeo atakuwa na watu wawili wa kukasirikia. Siwezi kukuambia ni usiku gani. Ijumaa haiko mbali.

Limebaki la mtoto na simu, na hapa nakuomba uende taratibu. Kishawishi cha kwanza ni kumkataza: "Acha kuchuchumaa mbele za watu." Usimkataze. Kule kuchuchumaa ndiko dawa yake, na ukikutia aibu, siku amebanwa kweli atasimama wima akijikaza ili asikuudhi. Vilevile usicheke wala usimpe kitu akifanya. Mtoto huyu aliona kwamba siku alipokaribia kuzimia, watu wazima walifurahi na akaahidiwa baiskeli. Amejifunza somo tulilomfundisha. (Baiskeli ile, kwa njia, atimiziwe. Baba yake ni fundi. Hata kama ataikalia tu barazani mpaka madaktari wamruhusu kukanyaga, asije akaona aliahidiwa kwa sababu ya kubanwa tu.)

Akichuchumaa tena pembeni ya jiko, epua karai kwanza, kisha chuchumaa naye. Muulize kwa sauti ya chini, "Kifua kinabana?" Akisema ndiyo, kaa naye, tazama midomo na kucha zake. Akisema hapana, mwambie mgeni huyu hakuja kumtazama yeye, kaja kununua vitumbua, na mpe sahani amhesabie.

Shangazi